Plastiki kugeuzwa gesi: siri ya tanuri la Kawasaki

Mwaka 2018, katika mji wa viwanda wa Kawasaki jirani na Tokyo, Japani, ilifunguliwa hoteli iliyopangwa kupata takriban asilimia 30 ya nishati yake kutokana na haidrojeni. Gesi hiyo ilifika kwa bomba kutoka kiwanda cha kemikali cha jirani, nacho kiliitoa kwenye plastiki iliyokwisha kutumika. Hata miswaki na vitana ambavyo wageni hutumia usiku mmoja na kuviacha bafuni vilikusanywa na kupelekwa huko, vikachanganywa na takataka nyingine za plastiki, vikarudi vikiwa umeme na maji ya moto.

Kiwanda hicho, kilichojulikana kama Showa Denko na ambacho leo kinaitwa Resonac, kinafanya kazi hiyo tangu 2003 na kina uwezo wa kupokea takriban tani 195 za plastiki kwa siku. Ahadi za kugeuza taka kuwa gesi ni nyingi duniani, lakini viwanda vilivyodumu miaka 20 ni vya kuhesabu. Hiki kimedumu, na sababu za kudumu kwake zinatuhusu.

Plastiki hutengenezwa kwa mafuta ghafi na gesi asilia, kwa hiyo imejaa kaboni na haidrojeni. Polietilini, ile ya mifuko na madumu, ni kama uzi mrefu wa shanga: chembe za kaboni zimeshikana kwa maelfu, na kila moja imebeba haidrojeni mbili. Ukiuchoma uzi huo penye hewa ya kutosha, kaboni huwa hewa ya ukaa na haidrojeni huwa mvuke. Umebaki na joto tu.

Ndani ya tanuri la gesi, oksijeni hutolewa kwa kipimo, pungufu ya ile inayotosha kuunguza plastiki yote, na mvuke huongezwa. Sehemu ya plastiki huungua, na joto lake huivunja iliyobaki. Kawasaki hufanya hivyo kwa hatua mbili. Plastiki iliyosagwa na kushindiliwa huingizwa kwanza kwenye mchanga wa moto unaorushwarushwa na gesi, katika nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi. Hapo hugeuka gesi, ila bado ni chafu, ina lami na masizi. Vipande vya chuma na alumini vilivyojipenyeza huchujwa chini na kuuzwa. Gesi huenda tanuri la pili, lenye joto la nyuzi 1,400 hivi, ambako hata lami husambaratika. Kinachobaki kwa wingi ni haidrojeni na kaboni monoksaidi.

Baada ya hapo ndipo afya ya watu inapolindwa. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na nyaya za umeme, ina klorini. Ikiungua kwa moto hafifu wa jalalani, klorini huchangia kuunda dioksini, sumu inayoweza kusababisha saratani, kuvuruga homoni na kudhoofisha kinga ya mwili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, dioksini hujificha kwenye mafuta ya mwili na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua kwa nusu. Zaidi ya asilimia 90 ya ile inayotuingia hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Moshi ukitua kwenye majani, ng'ombe akayala, sumu inakufuata hadi kwenye kikombe cha chai ya maziwa.

Joto la nyuzi 1,400 huivunja dioksini. Lakini gesi ikipoa polepole, sumu hiyo inaweza kujiunda upya njiani. Ndiyo maana Kawasaki huipoza gesi ghafla kwa maji hadi nyuzi 200 hivi, kisha klorini huoshwa na kuishia kuwa chumvi.

Kaboni monoksaidi nayo ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hung'ang'ania hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kiwandani hukutanishwa na mvuke mbele ya kichocheo, ikatoa haidrojeni zaidi na hewa ya ukaa. Haidrojeni huunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, malighafi ya mbolea na nyuzi za nguo. Hewa ya ukaa huuzwa kutengenezea barafu kavu na vinywaji vyenye gesi. Ukifungua soda, hewa hiyo inatoka na kupanda angani, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba teknolojia hii haichangii kabisa joto la dunia.

Mbona basi haijaenea kila mahali? Tees Valley nchini Uingereza, kampuni ya Air Products ilijenga mitambo mikubwa ya kugeuza taka mchanganyiko kuwa gesi. Mwaka 2016 iliachana nayo, kwa hasara ya karibu dola bilioni 1. Edmonton nchini Kanada, mtambo wa Enerkem uliofunguliwa 2014 ulifungwa 2024. Kwa upande wake, Kawasaki hupokea plastiki ambayo familia zimeshaitenga nyumbani, chini ya sheria ya vifungashio ya 1995 inayowabana wazalishaji walipie urejelezaji. Na amonia ina wanunuzi.

Kwetu, taka nyingi zinazofika dampo ni mabaki ya chakula, yamelowa na kuchanganyika na kila kitu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Tanzania 2019, hatua njema, lakini chupa, madumu na vifungashio bado vipo. Wanaovitenga kwa mikono ni waokota makopo, bila glavu wala bima. Kwa maoni yangu fedha za mwanzo ziende kwao na kwenye mapipa ya kutenganishia taka, kabla halmashauri yoyote haijasaini mkataba wa tanuri. Mwekezaji akija na michoro mizuri, diwani wako amuulize mambo matatu: taka atakazotumia zitatengwa na nani, gesi atamuuzia nani, na nani atapima moshi na kutangaza matokeo.

Nawe unayewasha mkaa kwa mfuko wa nailoni kila jioni, tafadhali acha kuanzia leo. Jiko lako halifiki nyuzi 1,400, na moshi ule anauvuta mtoto aliyekaa karibu nawe. Tumia karatasi kavu au vijiti.