Soma Namba, Usinunue Harufu

"Dada, nipe ile inayonukia limau." Hivyo ndivyo wateja wengi wanavyoagiza kitakasa mikono kwenye duka langu la dawa muhimu hapa Uyole, Mbeya, mahali barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile ya kwenda Iringa. Kabla ya kupokea hela, huigeuza chupa nikamwonyesha mteja maandishi madogo ya nyuma. Limau haliui vijidudu. Kinachoua ni kilevi, na kiasi chake lazima kiandikwe.

Tafuta asilimia 60 au zaidi. Shirika la Afya Duniani limependekeza michanganyiko miwili: mmoja una ethanoli asilimia 80, mwingine isopropanoli asilimia 75, na yote hutiwa gliserini kidogo ili ngozi isikauke. Kilevi huyeyusha utando wa mafuta unaovizunguka virusi vingi, kisha huharibu protini zao, kama joto linavyogandisha ute wa yai kikaangoni. Kazi hiyo huhitaji maji kidogo. Ndiyo maana kilevi kitupu cha asilimia 100 hakishindi kile cha 80.

Mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa nchini, Machi 16, 2020, watu walianza kuuliza kama pombe ingefaa. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo haifai. Ulanzi wa kwetu Iringa, hata ukichacha vipi, haufikii robo ya nguvu inayotakiwa. Gongo hakuna anayeipima, na inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Spiriti ya kuwashia moto nayo mara nyingi hutiwa methanoli, na sumu hiyo hupenya hata kwenye ngozi. Usiipake mikononi.

Chupa ya kuaminika ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kitakasa kilichomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kiache hapo hapo, hata kama bei ni nusu. Huwezi kujua kimeongezwa maji kiasi gani, na mtoto akikiona atadhani ni kinywaji.

Hata kitakasa kizuri kina mahali kinaposhindwa. Vijana wanaopakia viazi kwenye malori hapa Uyole hutoka na udongo hadi kwenye kucha. Kina mama wanaouza samaki Mwanjelwa wana mafuta na magamba mikononi. Kilevi hakipiti kwenye uchafu huo. Tena hakiui mayai ya minyoo wala amiba iliyojificha kwenye ganda lake, na baadhi ya virusi vya kuhara hustahimili. Kwa hiyo ukitoka chooni, au kabla ya kumega ugali, tumia maji tiririka na sabuni. Kibuyu chirizi cha dumu la lita tano, kikitundikwa karibu na choo pamoja na kipande cha sabuni, kinakulinda zaidi dhidi ya kipindupindu kuliko chupa yoyote ninayouza.

Kitakasa ni cha mahali pasipo na maji: ndani ya basi la Mbeya kwenda Iringa, umeshika vyuma na noti za chenji, na mahindi ya kuchoma yanauzwa dirishani Makambako. Mimina cha kutosha kulowesha mikono yote. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha, kwa sekunde 20 hadi 30, mpaka pakauke penyewe. Ukijifuta kwa kitenge kabla hakijakauka, umeifuta dawa.

Juni na Julai, baridi inapotubana na kila nyumba ina jiko la mkaa, ongeza tahadhari. Kilevi hushika moto upesi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Mikono ikauke kabisa ndipo usogee jikoni.

Ndugu msomaji, utakapokwenda dukani, geuza chupa usome. Ikiwa asilimia haikuandikwa, au iko chini ya 60, irudishe kwenye rafu na hela hiyo ununue sabuni.