Hati Aliyotiliwa Sahihi Asiyeielewa

KILA mara wanasiasa wapandapo jukwaani hutukumbusha kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa taifa letu. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni bila ya kuutafakari. Uzito wake niliuhisi siku nilipoketi kando ya kitanda cha kijana mmoja mtaani Umoja, Nairobi, ambaye tangu kiunoni hadi nyayoni hahisi hata ncha ya sindano.

Kijana huyo alikuwa akishuka kwenye matatu katika Barabara ya Jogoo. Dereva, kwa pupa ya kuwahi abiria wengine, aliliondoa gari kabla kijana hajakanyaga chini, naye akaanguka chali. Mfupa uliovunjika huweza kuunga. Lakini neva zipitazo ndani ya uti huo zikikatika, tabibu hana uzi wa kuzishonea.

Mamake, ambaye zamani tulikuwa majirani, alinitolea karatasi. "Mwalimu, wewe umesomea lugha. Hebu nisomee hii. Walituletea hospitalini, tukatia sahihi, tukapewa pesa za dawa."

Niliisoma, nikainamisha kichwa. Kwa Kiingereza kizito cha kisheria, ilieleza kwamba majeruhi amepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatamdai tena mwenye gari wala kampuni ya bima. Kiasi chenyewe hakikutosha hata kununua kiti cha magurudumu kilicho imara. Nilipomfasiria, mama hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Mbona hayo hawakutuambia kwa Kiswahili?"

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 48 kinaiamuru Serikali ihakikishe kwamba kila mtu anaifikia haki. Je, ataifikiaje haki mtu asiyeielewa hati inayomnyang'anya haki hiyo?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hiyo haina mashiko. Istilahi huzaliwa na matumizi, na wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Wakati tukiyangoja mageuzi, yafaa wakazi wa Eastlands wayajue mambo machache. Anayeumizwa kwa uzembe wa mtu binafsi au kampuni ana miaka 3 ya kufungua kesi. Akiishtaki Serikali kuu, muda huo ni miezi 12 tu. Aliyeumia kazini, kwa mfano mjenzi aliyeporomoka jukwaani, huwasilisha dai lake chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, nalo pia lina kikomo cha miezi 12. Aidha, Sheria ya Mawakili haimruhusu wakili kupatana na mteja wagawane fidia itakayopatikana. Kwa hiyo, anayekuja wodini na kuahidi "tutagawana" amejifichua mwenyewe. Asiye na pesa za wakili anaweza kubisha hodi Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuwasaidia wanyonge, au katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Na aliyekwisha kutia sahihi? Hati ya aina hiyo kwa kawaida humfunga aliyeisaini, isipokuwa aithibitishie mahakama kwamba alidanganywa, alishurutishwa au alipotoshwa. Mzigo huo ni mzito, hasa kwa mtu aliyelala kitandani.

Kijana wetu tulimfikisha kwa wakili ikiwa imesalia miezi minne miaka 3 itimie. Kesi imefunguliwa, hukumu hatuijui.

Ninalopendekeza si kubwa. Bunge litunge kanuni kwamba hati yoyote ya kumaliza madai ya majeruhi iwe na nakala ya Kiswahili, isomwe mbele ya wakili asiyelipwa na bima, na isitiwe sahihi mgonjwa angali wodini. Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, msomaji, ukiletewa karatasi usiyoielewa, kalamu iweke chini. Anayekuharakisha anajua sababu ya haraka yake.