Je, Wajua? Grep, Chekeche la Mistari

Iambie kompyuta ikutafutie neno "fisi" katika rundo la habari za magazeti, nawe utaletewa ofisi: ofisi ya kata, ofisi ya mkurugenzi, na kwa magazeti ya Kenya, afisi ya gavana. Kompyuta haijakosea. Herufi f, i, s, i zimo ndani ya "ofisi", na programu uliyoituma haijui maana ya neno lolote.

Programu hiyo ni grep. Hushika faili la maandishi, husoma mstari, hutazama kama mna ulichokitaka. Kama mna, huuchapa. Kama hamna, huuacha upite, kisha hushika unaofuata. Mstari uliokwisha kupita haiukumbuki tena. Usahaulifu huo ndio nguvu yake, nao ulizaliwa na uhaba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Marekani, mtafiti Lee McMahon alitaka kuchambua makala 85 za Federalist Papers, zilizoandikwa 1787 na 1788 kuitetea katiba mpya ya nchi hiyo. Makala 12 zilibishaniwa: ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Jibu lilihitaji kulinganisha maneno, na maandishi yote yalizidi baiti milioni moja. Programu katika mashine yao ya PDP-11 haikuweza kushika zaidi ya baiti 65,536 za data kwa wakati mmoja. Kihariri chao, ed, kilishindwa kuubeba mzigo huo.

Lakini ndani ya ed mlikuwa na amri iliyoandikwa g/re/p: pitia faili lote, tafuta ruwaza hii ya herufi, chapa mistari inayolingana. Brian Kernighan, mwenzao maabarani, husimulia kwamba mwenzao mwingine, Ken Thompson, alikwenda nyumbani, na kwa usiku mmoja akaichomoa amri hiyo na kuifanya programu inayojitegemea. Jina likabaki lile lile, bila mikwaju. Ilitoka katika toleo la nne la mfumo endeshi wa Unix, Novemba 1973.

Ruwaza ndiyo roho yake, na hapa Kiswahili kinafaidi kuliko wengi wanavyodhani. Lugha yetu hubadilisha maneno mwanzoni, na grep inakubali machaguo popote ndani ya neno. Andika [kv]itabu, utapata kitabu na vitabu kwa pigo moja. Andika soma, utapata anasoma, walisoma, msomaji na kusomana. Mitego nayo ipo: ukitaka "walimu", "mwalimu" naye ataingia, kwa kuwa wingi wote umo ndani ya umoja. Mwanafunzi wa isimu anayehesabu viambishi kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa, anajitesa bure.

Kasi yake inashangaza pia. Grep ya mradi wa programu huru wa GNU, iliyoandikwa kwanza na Mike Haertel, hutumia mbinu iliyochapishwa na Robert Boyer na J Strother Moore mwaka 1977. Tuseme unatafuta "korosho", neno la herufi saba. Programu haianzi na herufi ya kwanza ya maandishi. Inaruka kuitazama ya saba. Ikikuta "a", ambayo haimo katika korosho, basi neno haliwezi kuwa limeanza popote katika hizo saba. Inaruka saba nyingine. Herufi nyingi hazisomwi kabisa, na matokeo ni sahihi vile vile.

Mafundi wa mitambo huiweka ndani ya skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfululizo. Ikimaliza kazi, grep huacha namba: 0 ikiwa imepata, 1 ikiwa haikupata, 2 kukiwa na hitilafu. Skripti huisoma namba hiyo na kuamua yenyewe la kufanya, kwa mfano kutuma taarifa usiku wa manane iwapo kumbukumbu za seva zina neno la hatari.

Kama una kompyuta ya Linux au Mac, grep imo tayari. Hifadhi habari zako katika faili, fungua terminali, kisha andika grep -w fisi habari.txt. Hiyo -w inadai neno zima. Ofisi zote zitabaki nje, na fisi atatoka peke yake.