Paka Uliyemwachia Jirani: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Sinza, Dar es Salaam, ni mtaa wa wapangaji. Kodi ya miezi sita ikiisha na mwenye nyumba akipandisha bei, kirikuu inasimama getini, godoro linapanda, friji linapanda, ndoo zinapanda, na paka anaachiwa jirani. Miezi inapita, mwenyewe anakuja kusalimia kutoka Goba au Kibamba na mfuko wa dagaa mkononi. Anamwita paka wake; paka anamtazama tu. Hapo maneno huanza. Mengine yanawaumiza watu bure, mengine yanawaumiza paka zaidi, kwa hiyo tuyapime.

"Amekusahau." Si kweli, kwa kadiri tunavyoweza kupima.

Nilimshuhudia dada mmoja upande wa Kumekucha akirudi namna hiyo. Paka alitoka chini ya simtanki, akasimama mbali kidogo, masikio yakageukia sauti. Akasogea, akanusa pindo la baibui, akanusa viatu, akarudi chini ya tanki. "Amenisusa," dada akasema, na macho yakamlengalenga.

Ila masikio yale yalikuwa yamejibu. Mwaka 2013 watafiti wa Tokyo waliwasikilizisha paka 20 sauti za wageni zikimwita paka kwa jina, kisha sauti ya mwenyewe. Paka waliitambua sauti ya mwenyewe, na walionyesha hivyo hivyo: kichwa kinageuka, masikio yanasogea. Wengi hawakuinuka kumfuata anayeita. Mbwa angekurukia hadi akuangushe. Paka hajaumbwa hivyo, na kumpima kwa kipimo cha mbwa ni kumwonea.

Kisha kuna pua. Utafiti mwingine wa Japani uliotoka mwaka 2025 uliwapa paka 30 harufu ya mwenyewe na harufu ya mtu wasiyemjua. Ile ngeni waliinusa kwa muda mrefu zaidi. Sasa fikiria: umehama, umebadili sabuni, umejifukiza udi wa nyumba mpya, umebanwa ndani ya daladala kutoka Mbezi. Sauti ni yako, harufu siyo. Paka anayekunusa kwa muda mrefu huenda anajaribu kuoanisha vitu viwili visivyolingana. Mpe nafasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Kunkush, paka mweupe wa familia iliyokimbia Mosul, Iraq. Alipotea mwaka 2015 waliposhuka kwenye boti katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Watu wa kujitolea wakamtunza, wakampa jina jingine, na Januari 2016 akapelekwa Berlin kwa mlezi wa muda. Familia ilipopatikana Norway, mama wa nyumba alizungumza naye kwa simu ya video. Paka aliposikia sauti ile alianza kumtafuta nyuma ya kompyuta. Februari walikutana ana kwa ana. Alikuwa amepitia mikono ya watu wengi na lugha ngeni, na sauti ya mama hakuisahau.

"Ana kinyongo, anakuadhibu." Si kweli.

Kinyongo kinataka hesabu ndefu ya makosa, na hakuna ushahidi kwamba paka anaiweka. Unachokiona ni tahadhari. Hata paka wawili waliolelewa pamoja hupigana mmoja akirudi kutoka kwa daktari wa mifugo, kwa sababu tu ananuka dawa. Dada yule wa Kumekucha hakuwa na kosa la kusamehewa.

"Paka anapenda nyumba, hapendi mtu." Nusu yake ni kweli.

Eneo lake analipenda mno. Kila kona ameipaka harufu ya mashavu yake, na kwa Sinza, ambako viwanja vimepakana ukuta kwa ukuta, himaya hiyo huvuka nyumba kadhaa, kila moja na mtu wake wa kumtupia kichwa cha samaki. Lakini mtu naye yumo. Mwaka 2019, katika Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, paka wadogo 70 walipimwa kwenye chumba kigeni: dakika mbili na mlezi, dakika mbili peke yao, dakika mbili mlezi amerudi. Asilimia 64 hivi walimpokea, wakatulia, wakaendelea kukagua chumba. Kwa watoto wachanga wa binadamu kiwango ni karibu hicho hicho.

"Mtie kwenye kiroba umtupe mbali, atarudi mwenyewe." Uongo, na ni ukatili.

Wapo wanaorudi kutoka umbali mfupi. Hao ndio wanaosimuliwa. Aliyegongwa Barabara ya Shekilango, aliyeraruliwa na madume wa soko alikotupwa, hasimuliwi na mtu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mnyama anayelindwa na sheria hiyo si ng'ombe wa maziwa peke yake.

"Usimtembelee, utamtesa." Si kweli.

Nenda, ila nenda kwa adabu ya paka. Keti chini, usimkimbilie wala kumbeba. Mwite kwa jina lake la zamani na kwa ile sauti uliyokuwa ukimwitia chakula. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba paka huitikia mwenyewe anapobadili sauti kuzungumza naye, ilhali mgeni akitumia sauti hiyo hawajali. Asipokuja leo, kaa, zungumza na mwenyeji wako, nenda zako, urudi siku nyingine.

Na wewe unayefunga mizigo wiki hii: ukiweza, mchukue. Kule uendako mfungie chumbani wiki mbili tatu kabla ya kumwachia atoke. Usipoweza, mkabidhi kwa mtu aliyekubali kwa kinywa chake, asiwe jirani uliyemvizia hayupo. Mwachie jina lake, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kama anacho, na kanga yako moja ambayo haijafuliwa, alalie.