Chupa nne chini ya boneti

Taa ya njano iliwaka nikiwa Kibaha, natoka shamba Jumamosi asubuhi na magunia manane ya mahindi nyuma ya pikapu. Ilikuwa na mchoro wa kisanduku chenye vidoti ndani, kimepitiwa na bomba. Kabla sijafika Mbezi gari ilikuwa imekosa nguvu. Nakanyaga mafuta, inakoroma tu, malori yananipita.

Jumatatu nikaipeleka gereji moja ya Tabata. Fundi kijana akachomeka mashine chini ya usukani, akasoma kwenye kioo, wala hakusita. "Mzee, hiki kitu tunakitoa. Tunakata, tunatoa matumbo, tunachomelea. Halafu tunaingia kwenye kompyuta tunakizima, na nguvu nakuongezea humo humo. Taa hutaiona tena maisha."

Kitu chenyewe ni kichujio cha masizi, ambacho mafundi wanakiita kwa herufi zake, DPF. Siku hiyo walikuwa wanakitoa kwenye pikapu ya mtu mwingine, nikasimama kutazama. Bomba lilikuwa chini, limelazwa juu ya gunia. Grainda ikafungua dirisha ubavuni, kisha nyundo na patasi vikaingia. Kilichotoka ni vipande vya kijivu vyenye matundu madogo kama sega la nyuki, na unga mweusi mwepesi ambao haukuanguka wote chini bali mwingine ulibaki unaelea. Wakarudisha kile kipande cha bati, wakakichomelea, wakakipiga msasa. Ukiinama chini ya gari hutajua kwamba ndani ni uwazi mtupu. Kijana wa miaka kama kumi na sita akaja na fagio la chelewa akafagia ule unga. Hakuwa na barakoa. Alikuwa anaimba.

Sikuiacha gari yangu pale. Sijui ni ule wimbo au ule unga, lakini nilisema nitarudi, nikaondoka nayo inakoroma vilevile.

Lile sega lililovunjwa kwa nyundo lilikuwa na kazi. Ni la udongo maalumu uliochomwa, lina maelfu ya vijitundu vilivyozibwa kwa zamu: kimoja kimezibwa mwishoni, jirani yake kimezibwa mwanzoni. Moshi ukiingia haupati pa kutokea, hivyo unalazimika kupenya ukutani, na masizi yanabaki nyuma. Kichujio kikikaribia kujaa, kompyuta huongeza dizeli kidogo kwa kuchelewa, moshi unapanda joto hadi nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua na kuwa gesi. Gari inajisafisha yenyewe huku dereva anasikiliza redio. Masharti ni kwamba iwe kwenye mwendo, na iachwe imalize. Ukizima injini katikati kila siku kwa sababu safari yako ni Sinza hadi Kariakoo, kazi haikamiliki. Kwenye injini nyingi, ile dizeli ya ziada hushuka mpaka kwenye oili. Chomoa stiki uone: oili imepanda badala ya kupungua, na inanuka dizeli. Hapo injini nzima imo hatarini, wala si kichujio peke yake.

Kuna ndugu yake, vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili moto wa kwenye silinda usiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu moto mkali ndio unaozalisha oksidi za naitrojeni, zile hewa zinazochoma macho na koo. Mafundi wetu huiziba kwa kipande cha chuma bapa kilichokatwa kwa saizi ya gasketi. Na hapa wana hoja. Nimeona njia ya hewa ya Hilux iliyojaa tope jeusi la masizi na oili mpaka tundu limebaki la kupitisha kidole gumba. Mtu akisema mfumo huu unaikaba injini, hasemi uongo. Ninalobishana nalo ni tiba. Njia iliyojaa tope husafishwa, na anayeleta tope hutafutwa.

Aliyemtafuta wa kwangu ni fundi mzee wa Mwananyamala. Hakuanza na mashine. Alifungua boneti, akapitisha kiganja kwenye mpira unaotoka turbo, akanionyesha vidole vina mafuta. "Huu umepasuka. Kompyuta inadhani hewa imeingia yote, inamwaga dizeli ya hewa yote. Nusu ya hewa imeishia hapa." Kisha akaagiza chupa nne ndogo za maji, tupu. Akachomoa vijibomba vinavyorudisha dizeli kutoka kwenye nozeli, akaunganisha vyake, kila kimoja kwenye chupa yake, akazipanga juu ya injini na kuzifunga kwa waya. Akawasha.

Tulisimama kama watu wanaotazama dripu ya mgonjwa. Dizeli ilianza kudondoka, ya rangi ya asali, tone kwa tone. Baada ya dakika chache chupa tatu zilikuwa na kimo cha kidole. Ya nozeli namba tatu ilikuwa inakaribia nusu. Mzee hakusema kitu, aliigonga tu kwa ukucha. Nozeli hiyo ilipopelekwa kupimwa kwenye benchi, ilionekana inadondosha mahali pa kupuliza ukungu. Dizeli inayodondoka haiungui vizuri, na isiyoungua vizuri ndiyo masizi. Kwa hiyo kichujio changu hakikuwa mgonjwa. Kilikuwa kimemeza uchafu wa nozeli mbovu na mpira uliopasuka kwa miezi, mpaka kikashindwa, kikawasha taa kuomba msaada. Fundi wa kwanza alitaka kukinyamazisha.

Simlaumu sana yule kijana. Ujuzi wa dizeli Afrika Mashariki umekulia kwenye mashine kama Land Cruiser mkonga, zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, isiyo na turbo, isiyo na kichujio wala kompyuta ya kubishana nayo. Kwenye gari ile, fundi aliyetaka nguvu alifungua skrubu ya pampu, moshi mweusi ukatoka, mteja akafurahi. Imani kwamba moshi mweusi ni nguvu ilizaliwa hapo. Kumbe moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kufanya kazi. Na kama bei ya kichujio kipya inazidi mshahara wa mteja wa miezi kadhaa, fundi afanye nini? Sijawahi kusimamishwa na trafiki akaniuliza habari ya kichujio.

Mafuta nayo yana historia yake. Tunakumbuka enzi za kuchakachua, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanza kuyatia vinasaba mwaka 2010. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na nozeli za sasa, zinazofanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,600, hazisamehe. Salfa pia ilikuwa adui wa vifaa hivi, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuishusha kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Ilikuwa hatua kubwa, na tuliilipia kwenye pampu. Inauma kununua dizeli safi kisha kung'oa kifaa ambacho usafi huo ulikuwa unakitengenezea njia.

Wapo watakaosema watengenezaji wenyewe ndio wa kulaumiwa, na mara nyingine ni kweli. Huko Australia, Mahakama ya Shirikisho iliamua mwaka 2022 kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli 264,170, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zilikuwa na mfumo wa kichujio wenye kasoro. Na kasoro yenyewe haikuwa ya foleni. Ilijitokeza kwenye mwendo wa kawaida wa kama kilomita 100 kwa saa, mwendo uleule tunaoambiwa ndio dawa. Marekani nako, mwishoni mwa 2023 kampuni ya Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa tuhuma za kuweka programu za kudanganya vipimo kwenye injini za pikapu za Ram. Mwenye gari ana haki ya kukasirika. Lakini dawa ya kifaa kibovu ni kumbana aliyekiunda, kama walivyofanya Waaustralia, maana nyundo ya Tabata haimfikii.

Hukohuko Marekani biashara ya kung'oa ilifika mbali sana. Ripoti ya EPA, shirika la serikali la mazingira, ya Novemba 2020 ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimechezewa ndani ya kama miaka kumi, kwa programu za kuuzwa dukani na mabomba matupu ya kufunga mwenyewe. Kwa maisha yote ya magari hayo, ziada ya oksidi za naitrojeni ilipigiwa hesabu kupita tani 570,000. Ni kama kuongeza pikapu milioni 9 barabarani.

Ila mimi nikifikiria masizi nafikiria chupa nyingine. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi akiwa na chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya dizeli, akaitikisa na kuyamwaga wayaone. Kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na majimbo jirani yakazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango au yasiyofungwa kichujio. Walifanya hivyo kwa sababu ya mapafu ya watu wao. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, bila "huenda" wala "labda". Magari yetu mengi yanatoka Japani hiyohiyo. Mapafu yetu yana tofauti gani na ya Tokyo?

Pikapu yangu ilifungwa nozeli nyingine na mpira mpya. Mzee akaisogeza kwenye udongo mtupu, mbali na nyasi kavu, akaiamuru kwa mashine ichome masizi ikiwa imesimama. Ilinguruma yenyewe kama nusu saa, bomba likawa la moto kiasi kwamba hewa nyuma yake ilikuwa inacheza. Taa ikazimika. Oili tukamwaga yote, tukaweka ile yenye majivu kidogo, kwa sababu masizi huungua ila majivu ya oili hayaungui, yanabaki kwenye kichujio.

Wiki iliyofuata nilipita Tabata na ile nozeli mbovu mfukoni. Yule fundi kijana aliigeuzageuza, akanusa ncha yake. Nikamweleza habari ya chupa. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtuma kijana wa fagio akaokote chupa nyuma ya gereji, kisha akanigeukia.

"Mzee, lazima ziwe za saizi moja?"