Tauni na Kipimo Chake

Mwenye kutoka Lushoto mjini kwenda Mtae hupita Lukozi, mahali pa baridi, penye viazi, kabichi na karoti. Milima hii ya Usambara, pamoja na neema zake zote, imepata kupewa mtihani mkubwa. Tangu mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20 baada yake, tauni ilizuka mara kwa mara katika vijiji vya wilaya ya Lushoto, ikawapata maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Vijana wa leo hawakuyaona hayo. Basi tumeona vema tueleze namna tauni inavyotambuliwa, ili ikirejea isitukute katika ujinga.

Asili ya tauni ni maradhi ya panya. Viroboto hunyonya damu ya panya mgonjwa, naye akifa humhama wakamwuma mtu. Baada ya siku 1 hadi 7 mtu huyo hushikwa ghafula na homa na kuumwa kichwa, kisha mtoki wenye maumivu makali humvimba kinenani, kwapani au shingoni. Lakini homa hufanana, na mtoki huweza kuletwa hata na kidonda cha mguu. Macho peke yake hayatoshi kuhukumu.

Hapo ndipo ilipo haja ya maabara. Daktari huudunga mtoki sindano, akavuta maji yake kidogo. Tone hupakwa juu ya kioo, likatiwa rangi, likatazamwa kwa hadubini. Vijidudu vya tauni, alivyovigundua Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, huonekana kama vijiti vilivyokolea rangi katika ncha zote mbili. Hiyo ni dalili, wala si hukumu, kwani viko vijidudu vingine vya sura hiyo. Hukumu hupatikana kwa kuvikuza vijidudu vyenyewe, kazi ya siku kadhaa, au kwa kupima damu mara mbili, mwanzoni na baada ya majuma machache, ili ionekane kama kinga imepanda. Kadhalika kipo kipimo cha kijiti kilichobuniwa Madagaska na kutangazwa mwaka 2003, kitoacho jibu kwa dakika 15.

Je, mgonjwa angoje majibu? Hasha! Tauni ya mitoki isipotibiwa huua watu 30 hadi 60 katika kila 100. Daktari huchukua maji ya mtoki kwanza, na papo hapo huanza dawa. Ama mwenye kumpa mgonjwa vidonge vya dukani nyumbani, humchelewesha, tena huweza kuvififiza vijidudu hata kipimo kisivione.

Wako wasemao kwamba kupima ni upungufu wa tawakali. Sayyidna Umar (r.a.), katika ukhalifa wake (634–644), alirudi njiani aliposikia kuwa tauni imeingia Sham, na alipolaumiwa alijibu kwamba aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari Yake. Naye Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Twawezaje kuitii amri hiyo ikiwa hatujui kama maradhi ni tauni? Basi mwenye kuuficha mtoki wa mwanawe amemdhulumu mtoto, na amemdhulumu jirani pia.

Mwenyezi Mungu atuepushe na maradhi mabaya, na atupe akili ya kujihifadhi. Amin.