Mzinga Mmoja na Robo: Hesabu ya Kufuata Pombe Nje ya Nchi

Safari ya siku moja ya kuvuka mpaka ili kununua pombe kwa bei nafuu ni jambo la kawaida katika sehemu za Ulaya ambako ushuru wa vileo hutofautiana sana baina ya majirani, na kwa miaka mingi Waingereza wamevusha magari yao asubuhi hadi Calais nchini Ufaransa na kurejea jioni buti likiwa limesheheni mvinyo, huku Wafini wakipanda meli ya takribani saa mbili kutoka Helsinki hadi Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kwa shughuli hiyo hiyo. Mkazi wa Thika au Ruiru nchini Kenya anayelalamikia bei ya mzinga, yaani chupa ya mililita 750 ya pombe kali, anaweza kujiuliza ni kwa nini naye asiwashe gari akashika njia ya Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania.

Jibu huanzia ndani ya bei yenyewe. Ushuru wa bidhaa, ambao ni kodi inayotozwa vitu maalumu kama pombe na sigara, hulipwa na mtengenezaji kisha mnywaji akaurudisha dukani bila kuonyeshwa. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Desemba 2024, kila lita ya pombe kali nchini Kenya ilitozwa shilingi 356.42 na kila lita ya bia shilingi 142.44, kwa hiyo mzinga mmoja ulibeba takribani shilingi 267 na robo, ile chupa ndogo ya mililita 250, takribani shilingi 89, kabla ya kuongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo hupigwa hata juu ya ushuru huo, kodi ikatozwa kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kipimo kimekuwa kiasi cha kileo halisi kilichomo, si wingi wa kinywaji. Kukaa jirani na kiwanda hakumpunguzii mtu chochote: kampuni ya vileo ya KWAL iko Tatu City, hapo hapo Ruiru, lakini anayeishi ng'ambo ya barabara hulipa ushuru ule ule anaolipa mtu wa Mandera, mbali kaskazini mashariki.

Kutoka Thika hadi Namanga, kupitia Nairobi na Kajiado, ni takribani kilomita 210, kwenda na kurudi 420. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 35 za petroli, na ikichukuliwa kwamba lita ni shilingi 180, mafuta peke yake yatakula shilingi 6,300. Hata kama Tanzania isingetoza pombe senti moja, jambo ambalo si kweli kwa kuwa nayo ina ushuru wake, msafiri anayeokoa shilingi 267 kwa kila mzinga, kwa kiwango kile cha hadi Desemba 2024, angelazimika kurudi na mizinga 24 ndipo arudishe gharama ya mafuta, na hapo hajala chakula cha mchana.

Mizinga hiyo 24 ni lita 18, na hapo ndipo sheria inapomngoja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia bila ushuru na lita moja tu ya pombe kali, au lita mbili za mvinyo. Lita moja ni mzinga mmoja na robo moja. Wengi hudhani kwamba umoja wa forodha ulioanza mwaka 2005 uliondoa kodi zote baina ya nchi wanachama, ilhali ulichoondoa ni ushuru wa kuingiza bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani bado vinamsubiri mwenye shehena mpakani. Mwingereza, hata baada ya nchi yake kutoka katika Umoja wa Ulaya, huruhusiwa lita 4 za pombe kali, 18 za mvinyo na 42 za bia.

Mpaka ulio karibu zaidi na Thika ni wa ndani, nao ni Mto Chania unaotenganisha kaunti za Kiambu, iliko Thika, na Murang'a. Mnamo tarehe 26 Machi 2021 serikali ilifunga baa katika kaunti tano, Kiambu ikiwemo, ili kuzuia korona, na Murang'a haikuwemo, hivyo kwa wiki kadhaa daraja moja likatenga upande wa kiu na upande wa vinywaji. Hata hivyo, kutoka na kuingia katika kaunti hizo tano kulipigwa marufuku siku hiyo hiyo.

Kwa kawaida mnywaji wa Kenya anayeshindwa na bei havuki mpaka, bali hushuka ngazi hadi kinywaji cha bei ya chini. Senator Keg, bia ya mapipa iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa msamaha wa ushuru, ilikusudiwa kumtoa mtu wa kipato kidogo kwenye pombe haramu. Mwaka 2013 msamaha huo ulipokatwa nusu, mauzo yakaporomoka, hadi serikali ilipolegeza tena mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo, Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwa mojawapo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua. Kuulaumu ushuru peke yake kwa vifo hivyo ni kurahisisha mambo, lakini anayepanga kodi bila kuitazama ngazi hiyo hajui wateja wake.

Wanaovuka kweli ni wafanyabiashara wa magendo, wanaopitisha pombe kali kwa njia za panya kutoka Uganda pembezoni mwa Busia na Malaba, na bidhaa yao huishia katika rafu za madukani, si katika sebule zao. Kwa sababu hiyo kila chupa halali hubandikwa stempu ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na programu ya simu iitwayo Soma Label huisoma na kuonyesha kama ni ya kweli. Mnunuzi wa Makongeni kule Thika au Kihunguro kule Ruiru anayeuziwa mzinga kwa bei inayokaribiana na ushuru wake aisome stempu kabla ya kutoa pesa.